SOMO LA MWEZI: KUOSHA GARI LA PAA LA KUKUNJA BILA KULIHARIBU WALA KUJIUMIZA



Leo tunaleta somo ambalo huenda wengine wenu watalicheka. Ni somo la kuosha gari lenye paa la kitambaa linalokunjwa. Mtatuuliza, "Sisi wachuma chai na wakata miwa tuna habari gani na magari ya starehe?" Habari tunayo. Gari ni la mwenyewe, lakini mikono inayoliosha ni yetu.

Tueleze kisa chenyewe. Katika shamba moja la chai huku kwetu Uganda, ambalo hatutalitaja jina, palikuwa na kijana aliyeajiriwa kufyeka nyasi. Siku moja mkubwa mmoja alifika kutoka mjini kwa gari dogo la watu wawili, paa lake la kitambaa cheusi. Gari lilikuwa limejaa vumbi jekundu na mavi ya ndege. Nyapara akamwita yule kijana: "Acha fyekeo, njoo uoshe gari la mkubwa." Akapewa ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia, brashi ngumu ya sakafu, na chupa ya petroli ya kuondolea madoa. Hakuna aliyemwonyesha jambo lolote.

Kijana alifanya kazi kwa bidii, maana alitaka kusifiwa. Mvua ilipotishia, walilisukuma gari ndani ya stoo, akafunga mlango, akasugua paa kwa kitambaa chenye petroli muda wa saa nzima. Alipotoka kichwa kilimwuma na akatapika. Jioni mikono yake ilifanya malengelenge. Asubuhi paa lilionekana lina baka kubwa jeupe, na kioo cha nyuma, ambacho kilikuwa cha plastiki, kimefanya ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ofisi ikaandika barua kwamba kijana atalipa paa jipya, naye atakatwa mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Sisi wa chama tulipopata habari, makato ya mwezi wa kwanza yalikuwa yamekwisha kufanyika. Tulikwenda ofisini tukauliza maswali matatu tu. Nani alimfundisha kazi hii? Nani alimpa petroli na brashi ile? Nani aliandika hali ya paa kabla halijaoshwa? Hakuna aliyeweza kujibu. Baada ya vikao kadhaa makato yalisimamishwa na fedha zake zikarudishwa. Lakini ngozi ya mikono yake hairudishwi na kikao. Nasi tulijilaumu. Tulikuwa tumehesabu wachumaji, wapuliziaji dawa, watu wa mashine na wa kuni. Hatukuwa tumeuliza hata siku moja ni nani anayeosha magari, wala kwa vifaa gani.

Kwa hiyo somo hili lina shabaha mbili, na hazitengani. Ya kwanza ni kujua kazi yenyewe. Ya pili ni kujua la kukataa. Mfanyakazi anayeijua kazi yake si rahisi kusingiziwa.

LIJUE GARI KABLA YA KULIMWAGIA MAJI

Paa la kukunja si jambo geni mashambani. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na paa la turubai. Magari ya namna hiyo yamebeba mabwana shamba na vibarua katika nchi zetu miaka mingi. Kwa hiyo haya tunayoyasema yanafaa kwa gari la mkubwa na kwa gari kuukuu la shamba pia.

Mapaa haya ni ya aina mbili kubwa. Kuna paa la kitambaa kilichofumwa, ambacho ukikigusa unasikia nyuzi. Mara nyingi kitambaa hicho kina tabaka tatu: nguo ya nje, mpira katikati, na nguo nyepesi ya ndani. Mpira ndio unaozuia maji. Aina ya pili ni paa la plastiki laini linalofanana na ngozi. Hili halinywi maji, lakini jua hulikausha na kulipasua.

Tazama pia dirisha la nyuma. Likiwa la kioo cha kweli, si taabu. Likiwa la plastiki, lichukue kama jicho la mtu: punje moja ya mchanga chini ya kitambaa chako inatosha kulikwaruza, na mkwaruzo huo hautoki.

Halafu kuna mifereji midogo pembeni mwa paa. Kazi yake ni kupokea maji ya mvua na kuyatoa chini ya gari. Majani yakiiziba, maji huingia ndani, viti huoza na nyaya za umeme hupata kutu. Muoshaji asiyejua jambo hili huambiwa, "Wewe ndiye uliyemwaga maji ndani," kumbe mfereji uliziba tangu zamani.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Gari la namna hii halihitaji vitu vya ajabu. Linahitaji hivi:

Ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Ukitumia ndoo moja, mchanga ulioutoa juu ya gari unaurudisha juu ya gari.

Sabuni laini ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Huondoa ile dawa iliyotiwa kwenye kitambaa ili kisinywe maji.

Brashi yenye nywele laini kwa paa, sponji kwa bodi, na kitambaa cha pamba peke yake kwa dirisha la plastiki. Kitambaa cha magurudumu kiwe mbali. Kisiguse mahali pengine popote.

Mpira wa maji, au kopo la kumwagia maji taratibu.

Na kwa ajili ya muoshaji mwenyewe: mabuti ya mpira, glavu za mpira zisizotoboka, na aproni ya plastiki. Hivi si zawadi, navyo vinahesabiwa pamoja na ndoo na sabuni.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, mwite dereva au mwenye gari mlitazame pamoja. Kama paa lina tundu, mshono uliofumuka, au dirisha lililokwaruzika, liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, na nyote wawili mtie sahihi. Jambo hili huchukua dakika tano. Yule kijana wetu angekuwa na mstari mmoja wa daftari, kesi yake ingekwisha siku moja.

Pili, weka gari kivulini, mahali pa tambarare penye hewa. Vuta breki ya mkono, ziba magurudumu kwa mawe au magogo, injini iwe imepoa, na ufunguo utolewe. Jua kali hukausha sabuni kabla hujaisuuza, nayo huacha mabaka. Saa za asubuhi ndizo bora, maana paa litapata mchana mzima wa kukauka.

Tatu, hakikisha paa limefungwa sawasawa na vioo vimepandishwa. Ikibidi kulifunua au kulifunga, muwe wawili, mmoja kila upande, na mmoja tu ndiye atoe amri. Vyuma vya paa hufunga kama mkasi, na vidole vilivyokamatwa humo huvunjika. Kama paa linaendeshwa kwa umeme, mtu asiguse swichi mpaka mikono yote iwe mbali na vyuma.

Nne, ondoa vumbi likiwa kavu. Piga brashi laini kutoka mbele kwenda nyuma, kufuata nyuzi. Usizungushe mkono. Toa majani yaliyo kwenye mifereji kwa vidole, kisha mimina kikombe cha maji taratibu uone kama yanatokea chini. Yasipotokea, mwambie dereva. Usisukume waya mgumu ndani, kwa sababu mpira wa mfereji hutoboka.

Tano, mavi ya ndege na utomvu wa miti visikwanguliwe kwa kucha wala kisu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, ngoja kilainike, ndipo ukiinue.

Sita, lowesha paa lote, si mahali pa doa peke yake. Ukilowesha doa tu, duara hubaki. Maji yamwagike kama mvua ndogo, kutoka juu kwenda chini. Tia sabuni kidogo, sugua taratibu kwa brashi laini sehemu moja baada ya nyingine, bila kuacha povu likauke. Paa la plastiki lioshwe kwa sponji.

Saba, suuza mpaka maji yanayotoka yawe safi kabisa bila povu. Sabuni inayobaki ndani ya kitambaa hushika uchafu upesi.

Nane, dirisha la plastiki lioshwe kwa maji mengi na kitambaa cha pamba kilicholowa, kwa kupitisha mkono upande mmoja. Usilipanguse likiwa kavu. Usitumie dawa za vioo zenye amonia.

Tisa, baada ya paa, osha bodi, na magurudumu yawe ya mwisho.

Kumi, kausha. Bonyeza taulo juu ya paa linywe maji, usisugue. Kisha liache paa likiwa limefungwa, upepo ulipige mpaka likauke kabisa, hata kwenye mishono. Paa lililokunjwa likiwa na maji hufanya ukungu, hunuka, na hukunjamana. Hapa ndipo waoshaji wengi huponzwa. Msimamizi husema, "Likunje upesi, mkubwa anaondoka!" Likija kuoza, haulizwi msimamizi. Jibu letu liwe la heshima: "Mzee, paa bado bichi, tukilikunja sasa litaoza. Ukiamuru, tuandike kwenye daftari kwamba umeamuru." Mara nyingi amri hiyo hufutwa hapo hapo.

Baada ya siku nyingi utaona maji hayasimami tena kama matone juu ya kitambaa bali yananywewa. Hapo paa linahitaji kupakwa tena dawa ya kuzuia maji, nayo hupakwa paa likiwa safi na kavu. Mwenye gari aambiwe aitafute. Si kazi ya muoshaji kubahatisha.

MAMBO YA KUKATAA

Ndugu, hatua hizo kumi zinalinda gari. Sasa tuseme ya kumlinda mtu.

Petroli, mafuta ya taa na thina si sabuni. Huyeyusha gundi na mpira wa paa, na hutia ukungu dirisha la plastiki. Kwa mtu ni hatari zaidi. Huondoa mafuta ya ngozi, na ngozi ikikaa nayo muda mrefu hubabuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hukaa chini, ndani ya stoo na mashimo, ukingoja cheche moja tu. Mtu akiuvuta katika chumba kilichofungwa hupata kizunguzungu na anaweza kuzimia. Na mtu akimeza petroli, asitapishwe, apelekwe hospitali.

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe haifai kwa paa, maana hupausha rangi na kuozesha nyuzi za mishono. Tena isichanganywe kamwe na siki, na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia. Michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu za magurudumu zina asidi ya haidrofloriki. Asidi hii ni msaliti. Inaweza isiume mara inapogusa ngozi, kisha ikapenya na kuharibu nyama na mifupa. Dawa yoyote isiyo na lebo, au iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, tusiiguse. Dawa ikimrukia mtu, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe mara moja kwa maji safi mengi. Kwa dawa nyingi tumia angalau dakika ishirini. Ikiwa ni asidi ya haidrofloriki, mkimbizeni hospitali mara tu mnapomaliza kumwosha kwa dakika chache, maana huhitaji dawa yake maalumu. Chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione.

Mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye mishono ya paa wala ukingo wa dirisha. Hufumua nyuzi na kusukuma maji ndani. Wala isielekezwe kwa mtu, hata kwa utani. Maji hayo yanaweza kutoboa ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini ndani nyama imeharibika, na mtu anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Waya wa mashine ukiwa umechubuka, mashine isiwashwe, kwa sababu umeme na maji havina urafiki.

Gari lililobeba mapipa ya dawa za mashambani au watu wa kupulizia dawa lisioshwe kama gari la kawaida. Turubai lake na viti vyake vina sumu. Muoshaji avae glavu, mabuti na aproni, aoshe mahali palipotengwa, mbali na kisima, kijito na nyumba. Akimaliza aoge, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Mwisho, tusiingize gari mtoni wala ziwani. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa maji ni ya bure. Lakini katika maji yasiyo na chumvi, mahali penye konokono wa kichocho, vijidudu hutoboa ngozi ya mtu aliyesimama majini na kuingia mwilini bila yeye kusikia. Wenzetu wa Kisumu, nchi jirani ya Kenya, waliokuwa wakiosha magari wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Victoria, walifuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990. Walipewa dawa ya praziquantel wakapona, wakarudi majini, na wengi wakaambukizwa tena. Funzo ni kwamba dawa peke yake haitoshi kama kazi inaendelea kufanyika majini. Maji yaletwe kwa gari. Gari lisipelekwe kwenye maji. Tena mafuta na sabuni vikiingia mtoni, kijiji cha chini ndicho kinachovinywa.

HAKI ZETU KATIKA KAZI HII

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Ya kwanza hairuhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Makato ni yale tu yanayokubaliwa na sheria. Ya pili inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

Shirika la Kazi la Kimataifa nalo limesema. Mkataba wake Namba 95 wa mwaka 1949 unaeleza kwamba mshahara hukatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria, mapatano ya chama na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi. Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 unaeleza kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Maana yake ni kwamba glavu hazitoki mfukoni mwetu.

Basi tunashauri kila tawi lifanye mambo manne. Lijue majina ya wote wanaoosha magari, hata kama ni vibarua wa siku moja. Lidai vifaa tulivyovitaja. Lidai daftari la kupokea na kukabidhi gari. Na lidai kwamba muda wa kukausha paa uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Mtu akiumia, ajali iandikwe na itolewe taarifa siku ile ile, kwa sababu jeraha lisiloandikwa ni shida kulidai fidia.

Watu husema mnyonge hana haki. Chama kipo ili msemo huo usiwe kweli kwetu. Lakini chama hakiwezi kumtetea vizuri mtu asiyeijua kazi yake, wala mtu aliyenyamaza mpaka mkono ukababuka. Jifunzeni hatua hizi, mfundisheneni, na yule kijana wa kufyeka nyasi akiitwa kesho kuosha gari la mkubwa, asiende peke yake na chupa ya petroli. Aende na maarifa, na nyuma yake awe na wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika kazi yetu, nani huosha magari, na nani alimfundisha?

2. Ni dawa gani zilizo stoo bila lebo? Nani atazitoa?

3. Kwa nini paa la kitambaa lisikunjwe likiwa bichi? Ukiamriwa kulikunja, utajibu nini?

4. Maji machafu ya kuoshea magari yanakwenda wapi, na nani anayatumia huko chini?

5. Mwenzetu akikatwa mshahara kwa sababu ya gari lililoharibika, ni maswali gani matatu tutauliza ofisini?

Umoja ni nguvu.